Kabureta Mbili kwa Golf: Swali Liko kwenye Kemshafti

Mwenye Golf GTI ya miaka ya 1980 akilalamika kwamba gari linagoma kuwaka likiwa la moto, au kwamba sailensi inapanda na kushuka bila yeye kugusa kitu, hakosi mtu wa kumshauri ang'oe injeksheni yote afunge kabureta mbili za Weber. Ushauri huo una mvuto. Weber 40 DCOE hulala ubavu, kila moja ina makoo mawili, na kila koo linalisha silinda yake peke yake. Ukifungua boneti unaziona, ukikanyaga mafuta unazisikia zikivuta hewa, na hakuna kisichoeleweka kilichojificha ndani ya boksi. Tatizo ni kwamba mshauri anachanganya kazi mbili zisizo na undugu: kutengeneza injini iliyoharibika, na kuunda injini yenye tabia mpya. Kabureta pacha ni za kazi ya pili tu. Kama injini itabaki na kemshafti yake ya kiwandani, tengeneza injeksheni. Kemshafti ikibadilishwa, hapo mazungumzo ya kabureta yanaweza kuanza, tena kwa masharti.

Tuwatazame kwanza wenyewe walioiunda injini hii. Mwaka 1973 Audi walitoa Audi 80 GT yenye injini ya cc 1,588 na kabureta, nguvu za farasi 100. Mwaka 1975 ikafuata 80 GTE, ukubwa uleule wa injini lakini safari hii na injeksheni ya Bosch K-Jetronic, na nguvu zikafika farasi 110. Mwaka 1976 Golf GTI ya kwanza ikaingia sokoni na cc hizohizo na farasi 110 hao hao. Si haki kuipa injeksheni sifa ya farasi wote kumi, maana wahandisi hawabadilishi kitu kimoja wakaacha vingine vyote, na kabureta ya 80 GT ilikuwa moja, si mbili. Hata hivyo mwelekeo uko wazi: injini hii haikuwahi kubanwa na injeksheni yake. Toleo la cc 1,781 lililokuja baadaye, lenye vali nane na farasi 112, linabanwa na muda ambao kemshafti inaziacha vali wazi, na ukubwa wa njia za hewa kichwani. Kubadilisha kinachomwaga petroli hakuiongezei vali hata sekunde moja ya kubaki wazi.

K-Jetronic yenyewe inaogopwa kuliko inavyostahili. Ni mtambo wa kimakanika. Hewa inayoingia hunyanyua kisahani, kisahani hunyanyua mkono, mkono husukuma pini ndani ya kigawa petroli, na nozeli nne hupuliza mfululizo kwa kiasi kilichopimwa. Presha ya mfumo ni karibu ba 5. Kwa kuwa kila hatua inaonekana au inapimika, hitilafu zake zinafahamika kwa dalili. Gari linalowaka vizuri asubuhi lakini likagoma baada ya kusimama dakika kumi kituo cha mafuta, kwa kawaida linapoteza presha injini ikizimwa: akimuleta iliyo karibu na pampu imechoka, au vali ya pampu ya kuzuia petroli isirudi haishiki, na petroli iliyobaki kwenye mabomba inageuka mvuke. Linalosumbua asubuhi tu, likishapata moto likawa halina neno, mshukiwa wa kwanza ni kidhibiti cha kupashia injini. Sailensi isiyotulia karibu kila mara ni hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia baada ya kisahani bila kupimwa: mpira mkubwa wa hewa umechanika upande wa chini ambako jicho halifiki, au oringi za nozeli zimekauka zikawa ngumu.

Kipimo cha hewa ya wizi hakidai kifaa chochote. Washa injini, iache ingurume yenyewe, kisha fungua kifuniko cha oili. Mfumo usiovuja utayumba papo hapo, pengine injini izime, kwa sababu umeipa hewa ambayo kisahani hakikuiona. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hujagusa kitu, ujue lipo tundu jingine kubwa ambalo injini imeshalizoea. Presha nayo hupimwa kwa geji inayounganishwa kati ya kigawa petroli na kidhibiti, na fundi mwenye geji hiyo na jedwali la namba za gari anakuwa na jibu kabla ya chakula cha mchana. Oringi, mpira wa hewa, filta na akimuleta kwa pamoja ni sehemu ndogo ya gharama ya Weber mbili halisi, manifoldi, pampu mpya, marekebisho ya distribyuta na saa za mtu wa kuzisawazisha. Tena mpira wa servo ya breki uliopasuka, au silinda yenye kompresheni ndogo, vitamsubiri mwenye gari hata baada ya kabureta kufungwa, na safari hii atazilaumu kabureta.

Mtu atasema: kabureta pacha zinaongeza nguvu, watu wamepima kwenye mashine za rola wakaona. Ni kweli, lakini tazama kilichopimwa. Kemshafti kali huacha vali ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi zikiwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu kuliko ya kiwandani. Mizunguko ikiwa juu hilo linasaidia silinda kujaa. Ikiwa chini, sehemu ya hewa inasukumwa kurudi ilikotoka. Kwenye injini ambayo silinda zote nne zinavuta kutoka chumba kimoja, pumzi hiyo ya kurudi inamvuruga jirani, na kwenye K-Jetronic inafika mpaka kwenye kisahani, kikatikisika, na petroli ikayumba pamoja nacho. Kila silinda ikipewa koo lake na kipepeo chake, vurugu inabaki pale ilipoanzia. Hii ndiyo faida halisi ya kabureta pacha: zinaiwezesha injini kuishi na kemshafti ambayo injeksheni ya zamani haiwezi kuivumilia. Aliyebadilisha kemshafti, akachonga kichwa, akafunga manifoldi mpya ya moshi na Weber mbili, kisha akasema Weber zimemletea nguvu, amezisifu kwa kazi ya wenzao watatu. Kwenye kemshafti ya kiwandani kinachobaki ni wepesi wa kuitika mguu, na sauti. Sauti ni kitu kizuri, sibishi, ila inunuliwe kwa jina lake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: spea. Kigawa petroli kilicholiwa na kutu baada ya gari kulala miaka na maji kwenye tenki ni gharama kubwa, na vidhibiti vizuri vya kupashia injini vinazidi kuadimika. Mwenye gari aliyefika hapo ana haki ya kufikiria kabureta kwa sababu ya pesa. Lakini kama injini yake ni ya kawaida, jibu lake ni kabureta moja: Weber ya kusimama yenye makoo mawili, ya namna inayouzwa kuchukua nafasi ya Pierburg 2E2 kwenye Golf za kawaida, pamoja na manifoldi ya Golf ya kabureta ya ukoo huohuo wa injini. Itapoteza farasi kadhaa, itawaka asubuhi, na itakunywa kwa adabu. Anayekataa njia hiyo kwa sababu haina mvuto amekiri kwamba shida yake haikuwa spea.

Kuna pia hoja ya fundi: kabureta kila fundi anaijua. Mafundi wengi wa Grogan, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, wameshika kabureta za Toyota na Datsun tangu ujana wao, na ujuzi huo hauibiwi. Ila kabureta ya Toyota ilipangwa na kiwanda. Fundi kazi yake ni kuisafisha, kubadilisha gasketi na kurudisha kila kitu kilipokuwa. DCOE mpya inatoka kwenye boksi bila kuijua injini yako. Mtu ndiye anayekaa kwenye nafasi ya kiwanda, akiwa na jeti za aina tatu kwa kila koo, na makoo ni manne.

Sasa tuseme kemshafti imeshachaguliwa na uamuzi umepita. Anza na petroli, kwa sababu ndiyo inayochoma magari. Pampu ya K-Jetronic inasukuma kwa ba 5. DCOE inataka karibu ba 0.2, yaani sehemu moja ya ishirini na tano. Ukiiacha pampu ya zamani ikilisha kabureta moja kwa moja, sindano ya boya haitaizuia hata kidogo, na petroli itamwagika kupitia makoo. Kwenye Golf ya vali nane manifoldi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja, nyuma ya injini, karibu na ukuta wa chumba cha dereva, na kabureta zinakaa juu kabisa ya bomba la moshi. Petroli ikimwagika inajua pa kuangukia. Weka pampu ya presha ndogo na kidhibiti cha presha chenye geji, rudisha petroli ya ziada kwenye tenki kwa bomba la kurudishia lililopo, na usiikate rilei ya zamani ya pampu. Rilei hiyo huzima pampu ikikosa mapigo ya moto wa plagi, ndiyo kusema gari likigonga na injini ikazima, petroli inakoma. Wengi huunganisha pampu mpya moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo kwa sababu ni waya mmoja tu. Waya huo mmoja unaondoa kinga pekee iliyokuwepo.

Moto wa plagi unafuata, na hapa mwaka wa gari una maana. Golf zenye K-Jetronic zina distribyuta inayoutanguliza moto kwa vipande vya uzito na kwa mvuto wa hewa kutoka manifoldi. Makoo manne yaliyotengana hayatoi mvuto tulivu. Unapigapiga, na haufai kuutanguliza moto. Distribyuta hupangwa upya iende kwa uzito peke yake, au hufungwa moto wa kielektroniki unaopangwa kwa kompyuta ndogo. GTI za vali nane zilizotoka kuanzia 1987 zina Digifant, na huko boksi moja linaamua petroli na moto kwa pamoja, likisikiliza sensa ya kugonga. Ukilitoa umetoa vyote viwili. Ajabu ni kwamba mara nyingi jambo hili hugunduliwa injini ikiwa imeshafunguliwa. Servo ya breki nayo inategemea mvuto huohuo: uchukue kutoka makoo yote manne kupitia vali isiyoruhusu hewa kurudi, kisha ujaribu breki gari likiwa limesimama kabla hujaingia barabarani.

Kufunga kwenyewe kuna siri ndogo inayoharibiwa na mikono yenye nguvu. Injini ya silinda nne inatikisika, na mtikisiko ukifika kwenye bakuli la kabureta petroli inatoa povu. Injini itakosa kwenye mizunguko fulani na hakuna jeti itakayoiponya. Kwa hiyo DCOE hukaa juu ya bamba lenye oringi za mpira, na nati zake zina washa za springi zenye mizunguko miwili. Unakaza mpaka kati ya pete za springi ibaki nafasi ya nusu milimita hivi, unaacha hapo. Ukiishika kabureta iliyofungwa vizuri unaweza kuichezesha kidogo kwa mkono, na fundi asiyejua akiiona atachukua spana aimalizie. Mwambie mapema. Chini ya kabureta weka bati la kukinga joto, na mkono wa kufungulia vipepeo ushikwe kwenye manifoldi, usishikwe kwenye bodi, ili injini ikijipinda kwenye mipira yake isijifungulie mafuta yenyewe.

Kuhusu jeti, kuna kanuni ya kuanzia iliyojaribiwa na wengi. Chagua venturi kwanza. Kwa injini ya cc 1,781 ya barabarani, milimita 32 ndani ya kabureta ya 40 ni chaguo la busara. 34 na 36 zinavutia kwenye karatasi na zinakera kwenye foleni. Zidisha venturi kwa nne upate jeti kuu: 128, yaani jeti ya 130 iliyo karibu, ambayo ni tundu la milimita 1.30. Ongeza 50 upate jeti ya hewa, 180. Kwa silinda ya karibu cc 445, bomba la emulsheni F16 linafaa kuanzia, na jeti ya sailensi iwe 45 au 50. Hizo ni namba za kuwashia gari, si za kulikabidhi. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba jeti kuu haifanyi kazi mjini. Kutoka sailensi mpaka karibu mizunguko 3,000 ukiwa umekanyaga kidogo, injini inakula kutoka jeti ya sailensi na vitundu vidogo vilivyo kando ya kipepeo. Gari likikohoa linapoondoka kwenye taa, kubadilisha jeti kuu ni kupoteza pesa. Tatizo liko kwenye mzunguko wa sailensi au kwenye pampu ndogo ya kuongeza kasi.

Sawazisha hewa kabla ya petroli. Kipimo cha hewa kinawekwa mdomoni mwa koo moja moja, skrubu ya kuunganisha kabureta mbili inarekebishwa mpaka zivute sawa, ndipo skrubu za mchanganyiko ziguswe, moja baada ya nyingine, kidogo kidogo, sikio likiwa kwenye mlio. Ikifika kwenye mzigo kamili, sikio halitoshi. Uwiano wa hewa na petroli kwenye nguvu kamili unatakiwa uwe karibu 12.5 hadi 13 kwa moja. Ukipanda ukakaribia 14.7 huku mguu uko sakafuni, injini inaenda vizuri kabisa hadi pistoni inapoyeyuka. Funga sensa ya oksijeni ya masafa mapana kwenye bomba la moshi. Kusoma rangi ya plagi peke yake kulifaa enzi ambazo petroli ilikuwa ya namna nyingine.

Mwinuko ni jambo ambalo msomaji wa Uingereza anaweza kulipuuza na wa Afrika Mashariki hawezi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina uzito wa karibu asilimia 84 ya ile ya Mombasa. Kabureta iliyopangwa pwani itamwaga petroli kupita kiasi kwa asilimia nane au tisa ikifika huko. Jeti kuu ya 130 itataka kushuka hadi 125, na zipo nne za kufungua. Kwa haki, K-Jetronic isiyo na sensa ya oksijeni ina kasoro ileile, maana kisahani chake nacho hakipimi uzito kamili wa hewa, ndiyo sababu Bosch walikuwa na vidhibiti maalumu vya mwinuko. Hoja hii basi haiitetei injeksheni ya zamani. Inaitetea ya kielektroniki. Vumbi ni kesi nyingine na haina utetezi: makoo wazi ya fedha yanapendeza kwenye picha, lakini barabara ya changarawe itakula silinda kupitia hayo hayo. Ukuta wa nyuma wa Golf hauachi nafasi kubwa, hivyo boksi la hewa lenye bomba la kuvuta kutoka mbele lipangwe kabla ya kununua chochote.

Uingereza wana mambo yao mawili. Petroli ya kawaida imekuwa E10, yaani iliyochanganywa na ethanoli, tangu Septemba 2021. Ethanoli inahitaji petroli zaidi kidogo kwa hewa ileile, na inakula mipira ya zamani. Halafu kuna ukaguzi wa MOT. Gari lililoanza kutumika kati ya Agosti 1986 na Julai 1992 linaruhusiwa CO ya asilimia 3.5, kiwango ambacho DCOE iliyosawazishwa inakifikia. Lililokuja baadaye likiwa na katalisti hupimwa kwa viwango vikali zaidi, na kabureta mbili hazitapita hapo kwa maombi.

Mwisho kuna njia ambayo inanishawishi kuliko zote kwa mwenye kemshafti kali: vipepeo vinne vyenye nozeli za kielektroniki na kompyuta ya kupangwa. Kampuni kama Jenvey ya Uingereza hutengeneza vipepeo vyenye nafasi za boliti zilezile za DCOE, vinavyokaa kwenye manifoldi ileile. Mtu anaweza kuanza na Weber, akakusanya pesa, akabadilisha baadaye bila kutupa manifoldi wala bati la joto. Kwa sababu hiyo pampu ya zamani usiiuze. Injeksheni ya kielektroniki inataka ba 3 hivi, na pampu ya K-Jetronic ikiwa nzima inazitoa bila taabu, mradi bomba la kurudishia mafuta tenkini bado liko mahali pake na rilei hukuikata.